Kaka anampa mama vidonge vya "kinga" ya korona, nami nafikiria kuvibadilisha kimyakimya

Dada Mshauri, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu, maana ndugu zangu nao ni wasomaji wako.

Mimi ni wa mwisho kati ya watoto wanne na ndiye ninayeishi na mama. Mama ana miaka 73, ana kisukari na presha, na dawa zake za kila siku anameza bila kusukumwa. Taabu yangu ni kaka yetu mkubwa.

Baba alifariki mwaka 2021 kwa korona. Alilazwa, akawekwa kwenye oksijeni, leo nafuu kesho hoi, mwisho akashindwa. Kaka naye wakati huo huo alikuwa anaumwa korona, akajifungia nyumbani. Kwa simu aliwasihi madaktari wampe baba ivermektini, ile dawa ya minyoo, wakakataa. Yeye mwenyewe akaimeza pamoja na azithromaisini, akapona. Tangu hapo haambiliki. Kwake hesabu imeshafungwa: aliyemeza kapona, aliyenyimwa kafa.

Sasa amekuwa daktari wa ukoo. Kila mwezi anamletea mama ivermektini, anasema ni ya kinga, na mama ana daftari dogo analotia alama ya vema kila akimeza. Tena kaka ameandaa kopo la plastiki lenye kifuniko cha buluu. Ndani mna ivermektini, azithromaisini, zinki na deksamethasoni, kila aina kwenye kimfuko chake, na juu ya kifuniko ameandika kwa kalamu nzito: MAMA, AKIKOHOA TU.

Majuzi mama akapata mafua na kikohozi. Mimi nilikuwa kazini. Akampigia kaka, kaka akaja, akafungua kopo, dozi ikaanza usiku ule ule. Kesho yake jioni nikampima mama sukari ikasoma 19, mtu ambaye kwa kawaida hapiti 9. Midomo imemkauka, chooni haishi kwenda. Nikamkimbiza kituo cha afya. Kipimo cha korona kikatoka hasi. Yalikuwa mafua ya kawaida. Daktari alipouliza mama ametumia dawa gani, mama alinitazama kwanza mimi, kisha akasema, "Zangu za siku zote tu." Nikamsemea ukweli, akanuna njia nzima.

Nilipomweleza kaka kwamba deksamethasoni ndiyo iliyopandisha sukari, akacheka. Akaniambia hata Oxford wamekubali kuwa dawa hiyo inaokoa wagonjwa wa korona, nikasome. Nikasoma, na kweli nimekuta imeandikwa hivyo! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Isitoshe, mwaka 2021 mimi ndiye niliyempeleka mama kuchanjwa. Mwaka uliofuata akaugua korona, ingawa haikumlaza hospitali. Kaka hajaisahau. Nikifungua mdomo tu ananiuliza, "Chanjo yako ilimkinga nini?" Sina jibu. Ananiambia pia kwamba ivermektini imepigwa vita kwa sababu ni rahisi na haiwapi watu faida. Hapo nako sina jibu.

Dada zangu wawili wanasema nimheshimu, ndiye aliyesimama mahali pa baba, na ndiye anayelipia matibabu ya mama. Nikiongea naonekana natafuta ukubwa. Mama anasema, "Msigombane kwa ajili yangu, mwanangu, mimi nitameza tu."

Nimepata vidonge vya vitamini vyeupe vinavyofanana kabisa na vile vya kaka. Nafikiria kubadilisha, nivitie kwenye vimfuko vile vile, kila mtu abaki na amani yake. Au niitishe kikao cha familia nimwanike kaka na karatasi za utafiti mkononi? Tena nataka mama apate dozi nyingine ya chanjo, lakini bila kaka kujua. Je, ni vibaya?

Binti wa Mwisho

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa msiba wa baba, ambao naona bado ni mbichi kwenu nyote, na pole kwa jioni ile ya sukari 19.

Acha niirudie barua yako nione kama nimekuelewa. Mama ni mzee, ana maradhi mawili yanayomweka kwenye hatari kubwa zaidi korona ikimpata. Kaka anampenda na anamtibu kwa imani iliyozaliwa kwenye kifo cha baba. Wewe umeona kwa macho yako matibabu hayo yakimdhuru. Unafikiria kubadilisha vidonge, au kikao, au chanjo ya siri. Katika mipango yote hiyo sijamwona mama akiulizwa anataka nini. Nitalirudia hilo.

Mimi si daktari wa mama yako na dozi ya mtu sipangi kwenye safu. Ila juu ya ushahidi wa dawa hizi kuna mengi yaliyo wazi, na nadhani sehemu ya ugomvi wenu ni kwamba kaka anaziamini zote kwa pamoja na wewe unazikataa zote kwa pamoja. Kila moja ina habari yake.

Tuanze na deksamethasoni, kwa sababu hapo kaka kasema kweli, ila kaikata katikati. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Oxford kiliongoza jaribio kubwa katika hospitali za Uingereza, likaitwa RECOVERY, chini ya Peter Horby na Martin Landray. Wagonjwa 2,104 walipewa deksamethasoni juu ya matibabu ya kawaida, na 4,321 wakapata matibabu ya kawaida peke yake. Nani apate nini haikuamuliwa na daktari wala mgonjwa. Iliamuliwa kwa kura ya kompyuta. Baada ya siku 28 wakahesabu waliofariki. Kati ya waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, walikufa kama 41 katika kila 100 bila dawa, na 29 wakiwa na dawa. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni bila mashine, 26 bila dawa na 23 wakiwa nayo. Hizo ni roho za watu nyingi mno kwa kidonge cha zamani kama kile. Ndiyo maana kaka alisikia habari zake.

Nusu aliyoiacha ni hii. Katika jaribio lile lile walikuwemo wagonjwa waliolazwa lakini hawakuhitaji oksijeni. Kwao dawa haikusaidia. Bila dawa walikufa 14 katika 100, wakiwa na dawa 18. Tofauti hiyo haitoshi kusema kwa uhakika kwamba dawa iliwaua, lakini inatosha kabisa kumzuia mtu mwenye busara kumpa mgonjwa anayepumua vizuri. Sababu yake inaeleweka. Siku za mwanzo virusi vinazaliana na mwili unaihitaji kinga yake yote. Kwa baadhi ya watu, baada ya wiki moja hivi, kinga hiyo hiyo inachachamaa na kuanza kuunguza mapafu, na hapo ndipo dawa ya kuituliza inapookoa. Ukiituliza mapema unavifungulia virusi njia. Na kwa mwenye kisukari, sukari hupanda, kama ulivyoona, na safari ile hata korona yenyewe haikuwepo.

Kwa hiyo maneno ya kwenye kifuniko, "akikohoa tu", ndiyo hasa yasiyokubaliana na utafiti anaoutaja kaka mwenyewe. Ningekuwa wewe, hapa ndipo ningeanzia. Humwambii kaka kwamba kasoma uongo. Unamwomba asome ukurasa mpaka mwisho.

Azithromaisini ni antibiotiki, kazi yake ni bakteria. Ilijaribiwa kwa wagonjwa waliolazwa na kwa waliokuwa nyumbani, haikuonyesha faida dhidi ya korona. Zinki sitaipotezea muda.

Ivermektini ndiyo yenye hadithi ndefu, na inafaa uijue vizuri kwa sababu kaka hakuizua kichwani. Ni dawa nzuri. Imewanusuru mamilioni ya watu na usubi na matende, na wanasayansi walioigundua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Aprili 2020 watafiti wa Australia walionyesha kwamba inavizuia virusi vya korona ndani ya chembe zinazokuzwa maabara. Dunia ikaruka kwa furaha. Lakini kiasi walichotumia maabara kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko kinachofika kwenye damu ya mtu aliyemeza dozi ya kawaida. Zikafuata tafiti ndogo ndogo zenye matokeo ya kupendeza, na moja iliyotegemewa sana, kutoka Misri, ikaondolewa Julai 2021 baada ya takwimu zake kutiliwa shaka nzito. Majaribio makubwa yalipokuja, matumaini yakayeyuka. Jaribio la TOGETHER nchini Brazili lilichukua watu 1,358 waliokuwa wameanza kuugua karibuni, nusu wakapewa ivermektini kwa siku tatu, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliozidiwa hadi kulazwa au kuwekwa chini ya uangalizi wa dharura kwa saa nyingi walikuwa 100 upande wa ivermektini na 111 upande wa pili. Tofauti ndogo hivyo bahati pekee inaweza kuileta.

Kuhusu hoja kwamba imepigwa vita kwa kuwa ni rahisi, usibishane naye kwa sauti. Muulize tu: mbona deksamethasoni, ambayo nayo ni dawa ya zamani na ya bei ya chini, ilitangazwa dunia nzima Juni 2020 ikaanza kutumika mara moja? Mbona kampuni ya Merck, inayotengeneza ivermektini na ambayo ingeuza, yenyewe ilitangaza Februari 2021 kwamba haioni ushahidi wa maana kuwa inatibu korona? Haya ni maswali ya haki, si ya kumzodoa.

Na kuna lile la "aliyemeza kapona, aliyenyimwa kafa". Mdogo wangu, sote tungefikiri hivyo. Ila kaka alikuwa mtu mzima mwenye nguvu zake, na umri wa kaka wengi walipona hata kwa kulala na kunywa maji. Baba alikuwa mzee aliyefikia hatua ya oksijeni. Ukiwaweka hao wawili kwenye mizani hujui ni dawa au ni umri, ni hatua ya ugonjwa au ni mwili wenyewe. Ile kura ya kompyuta niliyoitaja ipo kwa ajili ya hilo tu: iwagawe wazee kwa vijana, wagonjwa sana kwa wagonjwa kidogo, sawasawa kila upande, ili mwishoni kibaki kitu kimoja cha kulinganisha.

Sasa nikugeuzie na wewe, usidhani nimekusahau. Kaka anauliza chanjo ilimkinga mama nini, nawe unasema huna jibu. Jibu lipo, ila linakutaka ukubali sehemu ya hoja yake. Kinga ya chanjo dhidi ya kuambukizwa hushuka baada ya miezi michache, na aina ya omikroni iliyojitokeza mwishoni mwa 2021 iliikwepa zaidi. Kaka yuko sahihi kwamba waliochanjwa waliugua. Kilichodumu zaidi ni kinga dhidi ya kuzidiwa na kufa. Mama aliugua, hakulazwa. Siwezi kukuapia kwamba ni chanjo iliyomwepusha, kwa sababu ile ile inayomzuia kaka kuapa juu ya kidonge chake: mtu mmoja hathibitishi kitu. Kinachothibitisha ni makundi makubwa yaliyolinganishwa, na hayo yanasema chanjo hupunguza vifo, hasa kwa wazee na wenye maradhi kama ya mama. Madhara yake yapo pia. La kuvimba kwa misuli ya moyo ni la nadra na limeonekana zaidi kwa vijana wa kiume, si kwa bibi wa miaka 73. Ukimwambia kaka haya yote, pamoja na yanayokuumiza wewe, atakusikia tofauti.

Usimwambie tu kwamba sayansi haijawahi kugeuka. Imegeuka. Sindano za kingamwili, yaani chembechembe za kinga zilizotengenezwa maabara, zilizosifiwa sana mwaka 2021 zilishindwa na omikroni, na Septemba 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kwa nguvu kwamba mbili kati yake zisitumike tena.

Tuje kwenye vidonge vya vitamini. Naelewa kwa nini wazo hili linakuvutia. Kila mtu anatulia, na mama anaepuka sukari nyingine ya 19. Mpango huu unamkinga mama na hatari ya kweli, siwezi kukuambia ni upuuzi. Lakini tazama unakoelekea. Mama ataendelea kutia vema kwenye daftari akiamini amekingwa. Akipita mwezi salama, kaka atasema ni ivermektini, na wewe mwenyewe utakuwa umempa ushahidi. Siku mama akizidiwa, daktari atauliza ametumia nini, kaka atajibu kwa uhakika na atakuwa anakosea, na wewe utalazimika kusema mbele ya wote. Je, mama akijua kwamba vidonge anavyopewa na mtoto anayelala naye nyumba moja si vilivyo, atameza tena dawa za presha kutoka mkononi mwako bila kuzigeuza geuza? Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Vilevile hatari za kopo lile hazilingani. Ivermektini ya binadamu, kidonge kwa mwezi kwa dozi ya kawaida, kwa kawaida haina madhara makubwa, ingawa daktari anapaswa kujua anaimeza. Dozi zikiongezwa huweza kuleta kuchanganyikiwa na hata degedege. Ubaya wake kwa mama ni kwamba imekaa mahali pa vitu vinavyosaidia kweli. Deksamethasoni ya kuanza na kikohozi ni jambo jingine, hiyo humdhuru. Labda huna haja ya kushinda vita yote kwa siku moja. Mtu anaweza kumwachia kaka kidonge cha mwezi kwa sasa, akapata maelewano kwamba kile kimfuko kimoja cha deksamethasoni kitolewe ndani ya kopo. Au usikubali hata hilo. Wewe ndiye unayejua kaka huachia wapi na hukaza wapi.

Kikao nacho. Ukimwanika kaka mbele ya dada zako, anayejiona amesimama mahali pa baba, atakitetea kiti kwanza na vidonge baadaye. Nadhani pia mngekaa kikao juu ya dawa huku mnazungumza juu ya baba bila kumtaja. Fikiria hili. Kuanzia Septemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza deksamethasoni na dawa za jamii yake kwa wagonjwa wa korona waliozidiwa, na kufikia 2021 ilikuwa tiba ya kawaida kwa mgonjwa aliye kwenye oksijeni. Huenda kabisa baba aliipata. Familia ina njia ya kuomba kumbukumbu za matibabu yake na kuziona pamoja na daktari. Kama aliipata, kaka atajua kwamba baba hakunyimwa dawa iliyokuwepo, na kwamba hata hiyo iliyo bora haikuwaokoa wote. Kama hakuipata, mtakuwa na uchungu mwingine, na ni haki nikuonye mapema. Lakini mtu aliyebeba miaka yote wazo kwamba baba alikufa kwa sababu yeye hakusisitiza vya kutosha kwenye simu, huyo hubadilishwi kwa karatasi za utafiti. Umewahi kumuuliza siku zile zilikuwaje kwake, peke yake ndani, anaumwa, baba yuko kule? Kama hujamuuliza, ningependa mazungumzo hayo yatangulie kikao chochote.

Narudi kwa mama. Anasema "mimi nitameza tu". Kwa sikio langu huyo ni mama anayenunua amani ya watoto wake kwa mwili wake. Alikutazama wewe kabla ya kumjibu daktari. Unajua yeye anaogopa nini? Korona, au kumvunja moyo mwanawe mkubwa? Muulize mkiwa wawili, bila kopo mezani, na uwe tayari kwa jibu usilolipenda. Akili zake anazo, na mwili ni wake.

Akikubali, ipo njia moja ambayo hukuitaja: kliniki yake ya kisukari, na kaka aende naye. Ndiye anayelipa, ana kila sababu ya kuwepo. Kopo liende, daftari liende, na orodha ya dawa zote. Swali la kumuuliza daktari liwe la mbele: mama akipata korona kweli, tufanye nini siku ya kwanza? Maana kuna cha kufanya. Kwanza ni kupima, kwa sababu bila kipimo hamjui mnatibu nini. Pili ni vidonge vya kuzuia virusi kama Paxlovid, mahali vinapopatikana, ambavyo lazima vianze ndani ya siku tano tangu dalili kuanza. Katika jaribio la watu ambao hawakuchanjwa na walio kwenye hatari kubwa, vilipunguza kulazwa na vifo kwa 89% vilipoanzwa ndani ya siku tatu. Kwa watu wasio na hatari kubwa faida hiyo haikuonekana wazi. Navyo hugombana na dawa nyingi: baadhi za kolesteroli, za mapigo ya moyo, za kuyeyusha damu, hata baadhi za presha, na dozi hutegemea figo. Hayo yafaa yajulikane mama akiwa mzima, yaandikwe, ili siku ya homa pasiwe na kubahatisha. Daktari huyo pia anaweza kuwaonyesha kipimo cha oksijeni cha kidoleni: ni namba gani mpige simu, na kwamba chini ya 90 ni hali mbaya isiyosubiri. Kwa wenye ngozi nyeusi kifaa hicho wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi, basi mama akihema kwa shida msiibembeleze namba.

Hatari ya njia hii ni kwamba kaka anaweza kukataa, au akaenda na kubishana na daktari mama akiwa ameinamisha kichwa katikati. Daktari mwenye haraka anaweza kumkaripia, na mkarudi nyumbani mmeharibu zaidi. Pengine uende wewe kwanza ukamweleze daktari kinachoendelea, pamoja na habari ya baba.

La mwisho ni chanjo. Shirika la Afya Duniani linawaweka wazee na wenye maradhi sugu katika kundi la kwanza la kufikiriwa dozi za kurudia, kwa hiyo hoja yako ina miguu. Ruhusa inayotakiwa ni ya mama, si ya kaka. Kama mama mwenyewe anataka na anaomba kaka asiambiwe kwa sasa, hiyo ni siri yake na unaweza kuitunza. Kama siri ni yako na mama anaburutwa tu, hapo umefanya alichofanya kaka. Na liwazieni hili mkiwa pamoja: baada ya sindano mkono unaweza kuuma na mwili kupata joto kwa siku moja au mbili. Kaka akisikia mama ana homa, atakuja. Zungumzeni kabla ya siku hiyo mama atamwambia nini akipiga simu, na wewe panga usiwe kazini.